Kabla ya mashini ya umeme, daftari ya kuran



Mavuno ya mihindi yanakaribia kuisha, na mu mikutano mingi tunayofika, upande wa Kipushi, wa Kasenga hata wa Kambove, swali linalorudi ni lile lile: tununue mashini ya kusaga ya umeme ao tubaki na ya mazutu? Wa kwanza wanasema mazutu inakula faida yote. Wa pili wanajibu: "Kuran ya huku unaijua mwenyewe, leo iko, kesho haiko." Wote wawili wanasema kweli. Lakini tukiuliza kuran ilikuwa saa ngapi juma lililopita, kila mtu anatoa namba yake. Mmoja anasema saa tatu kwa siku, jirani wake mwenye kuishi kwenye waya ule ule anasema saa kumi. Hakuna aliyeandika.

Hapo njo penye shida. Maoni yetu ni haya: koperative isinunue mota ya umeme hata moja kama haina daftari ya kuran ya miezi mitatu. Tunajua wengi watacheka. Kuna mzee mmoja alishatuambia, "Kuran yenyewe haiko, daftari njo ya kufanya nini?" Tunaomba mtusikilize kidogo.

Mu inchi nyingi sasa, kampuni za umeme hazitawali tena waya kwa macho na kwa simu za wateja wenye hasira. Zinatawala kwa hesabu. Konteri ya kisasa haingoji mtu apite mwisho wa mwezi kusoma namba. Inatuma yenyewe, kila nusu saa ao kila robo ya saa, umeme uliotumika na volti zilizofika. Kabini ya mtaa nayo iko na konteri yake. Hesabu zote zinaingia mu mashini za kompyuta, na kompyuta inalinganisha. Hizo hesabu njo zinaitwa data.

Mfano mdogo. Tuseme kabini moja imetoa kilowati-saa 1,000 kwa siku. Unajumlisha konteri za nyumba zote zinazokula kwenye kabini ile, unapata 720. Ile 280 imepotelea wapi? Sehemu imekuwa joto mu waya, hiyo haikwepeki, hasa kama waya ni mwembamba na mrefu. Sehemu ni watu wenye kujiungia usiku. Sehemu ni konteri mbovu. Bila konteri ya kabini, hakuna mtu anajua hata kama kuna 280 inayopotea. Watu wanasema tu "umeme hautoshi". Mwenye kuwa nayo anajua aende kabini gani, na siku gani.

Ama tuchukue faze. Kabini inatoa nyaya tatu za moto, na kila nyumba ya kawaida inakula kwenye waya mmoja kati ya tatu. Mafundi wakiunga nyumba nyingi kwenye waya mmoja kwa sababu nguzo iko karibu, waya ule unachoka, volti zinashuka, na mbili zingine zinalala tu. Hapo hakuhitajiki barrage mpya. Kunahitajika ngazi, fundi, na siku moja ya kuhamisha nyumba. Lakini nani atajua waya gani umechoka kama hakuna aliyepima? Haya ni matengenezo yenye bei ndogo kuliko yote mu kazi ya umeme, na njo yenye kusahauliwa kuliko yote.

Transfo vilevile. Transfo haifi gafula kama mtu aliyepigwa na radi (hata kama radi nayo inaua transfo, tunaijua huku). Mara nyingi inakufa polepole: kila jioni inabeba mzigo kupita nguvu yake, mafuta ndani yanapata moto, na siku moja inawaka. Mu muji kila mtu anajua sababu. Makala imepanda bei, nyumba haina konteri na inalipa forfe, bei moja kwa mwezi utumie usitumie, basi resho inabaki imewashwa toka asubuhi. Transfo ikiwaka, watu wa kartie wanachangishana franka. Mahali ambapo mzigo wa kila jioni unaandikwa, kampuni inaona miezi mbele kwamba transfo hii inaenda kufa, na inagawa mzigo kabla.

Uganda walitoa mfano mzuri, na mbaya pia. Kampuni ya Umeme ilipokamata usambazaji mu 2005, kwa kila 100 za umeme zilizoingia mu waya zake, karibu 38 zilipotea. Baada ya miaka, kwa konteri za kulipa mbele ambazo Waganda wanaita Yaka, kwa kutengeneza waya na kufuata wizi, hasara ilishuka mpaka karibu 17. Ni kazi kubwa. Lakini watu waliendelea kulalamika juu ya bei, serikali haikuongeza mkataba, na tarehe 31 Machi 2025 Umeme ikaondoka, kazi ikarudi ku kampuni ya serikali. Kuhesabu vizuri kunaokoa umeme. Nani atafaidika na umeme ule uliookolewa, hiyo inaamuliwa mahali pengine.

Kwetu Katanga tuiseme wazi zaidi. Umeme wetu ulizaliwa juu ya shaba, si juu ya mihindi. Union Minière njo ilijenga Mwadingusha kwenye mto Lufira mu 1930, kisha Koni, Nzilo na Nseke zikafuata mu miaka ya 1950. SNEL ilianzishwa 1970. Waya mkubwa wa kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilometa karibu 1,700, ulimalizika 1982, na kazi yake ilikuwa kupelekea migodi umeme. Juzi tu, Mwadingusha ilitengenezwa upya na SNEL pamoja na kampuni ya mgodi wa Kamoa, ikarudi mu kazi 2021. Kampuni ile ilitoa pesa mbele, na inarudishiwa kwa kupunguziwa faktire. Hatusemi ni vibaya. Bila mkono ule pengine turbini zingekuwa zimelala mpaka leo. Lakini mwenye kutoa pesa anapima. Mgodi uko na konteri, mkataba, na mtu wa kazi anayeangalia saa na volti usiku na mchana. Kuran ikikatika dakika kumi, mgodi unajua, unaandika, unaenda kuuliza. Ya kwetu ikikatika siku nne, haiko mu karatasi ya mtu yeyote.

Mu inchi nzima, karibu watu 20 tu kwa 100 njo wako na umeme. Vijijini ni kama 1 kwa 100. Umeme ni kidogo, na penye kidogo kugawa kunafuata aliyeandikwa.

Hapa tuseme neno juu ya lawama moja tunayoisikia kila mara: "Waya zinapita juu ya mashamba yetu na sisi tuko mu giza, si waweke tu transfo?" Kwa waya wa Inga, haiwezekani. Ule unabeba umeme wa namna nyingine, wa kwenda upande mmoja tu kama wa betri, kwa kilovolti 500, na transfo ya kawaida haiwezi kuukamata. Kunahitajika stasio nzima ya kuugeuza, kama ile ya Kolwezi, na bei yake ni ya kampuni kubwa. Hata waya za kilovolti 220 za Katanga, zenye kubeba umeme wa kawaida, zinaomba stasio kubwa kabla ya kuwasha taa moja. Waya wenye kuweza kulisha kijiji kwa transfo ndogo ni ule wa chini, wa kilovolti 15 ao karibu na hapo. Kwa hiyo koperative inapoandika barua ya kuomba, iseme uko kilometa ngapi toka waya wa namna ile. Barua yenye kusema "waya zinapita juu yetu" haisaidii. Enjenia anaiweka pembeni kwa sababu hajui ni waya gani.

Sasa, daftari.

Sekretere wa koperative anachora mistari mu kaye ya kawaida. Tarehe. Saa kuran ilipofika. Saa ilipokatika. Volti asubuhi, mchana, jioni. Lita za mazutu zilizonunuliwa siku ile, na meka ngapi za mihindi zimesagwa. Mwisho, mahali padogo pa kuandika jambo: mvua, radi, nguzo imeanguka, sherehe ya shefu. Basi. Hakuna intaneti, hakuna kompyuta. Kwa volti, fundi aweke voltimetri kwenye ubao wa ukuta, ili mtu asome kwa macho bila kugusa waya. Msitume mtoto na vidole vya multimetri kwenye nyaya wazi. Tunarudia: msitume mtoto.

Kama mugini hauna umeme kabisa, mwandike kwa kijiji cha karibu chenye waya, kwa kupatana na mtu wa kule. Na mwandike mazutu yenu. Hiyo nayo ni data, tena ya nguvu.

Miezi mitatu ikipita, kaye ile itawaambia mambo ambayo hakuna muuza mashini atawaambia. Tuseme mashini ya mota ya kilowati 11 inasaga kilo 300 kwa saa. Kama kuran inakuja saa 4 kwa siku, mnasaga kilo 1,200. Ikija saa 9, kilo 2,700. Ni mashini ile ile, deni lile lile la kulipa. Tofauti ya koperative yenye kulipa deni na yenye kuuza mashini kwa hasara iko mu ule mstari wa saa, siyo mu bei ya mota.

Na si saa ngapi tu, ni saa gani. Mahali pengi kuran inarudi usiku, wakati muji umelala na mzigo umepungua. Daftari ikionyesha kwamba kuran iko karibu kila siku toka saa tano ya usiku mpaka saa kumi ya asubuhi, mambo yanabadilika. Mashini inaweza kulipa deni, lakini kwa mpango mwingine: mama wanaleta mihindi mchana, kila mfuko na jina lake, msagaji na mlinzi wanafanya kazi usiku, bunga inachukuliwa asubuhi. Hakuna mama wa kutembea gizani na ndoo kichwani juu amesikia mashini inalia. Lakini mpango huo unaomba depo yenye kufuli, mizani ya kweli, na msagaji mwenye kuaminika na kulipwa vizuri zaidi. Hizo franka ziingie mu hesabu kabla, si baada. Tumeona komite zikinunua mashini kwanza na kugundua usiku baadaye.

Tena kuna volti. Mota ya nyaya tatu imetengenezwa kwa volti 380. Zikishuka mpaka 320, mota haisagi polepole tu kwa heshima. Inavuta umeme mwingi zaidi mu nyaya zake ili ibebe mzigo ule ule, inapata moto, na inaungua. Waya mmoja kati ya tatu ukikatika, inaungua haraka zaidi. Chini ya 340 msiwashe. Kuna relei ndogo yenye kuzima mota yenyewe volti zikishuka ao faze ikikosekana; bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya kufunga mota upya, na mu faktire za mashini tunazoonyeshwa haimo karibu kila mara. Kama daftari yenu inaonyesha volti 310 kila jioni, mashini ya umeme itafanya kazi asubuhi tu, ao haitafanya. Afadhali kujua mukiwa bado na pesa.

Kuna wenye kusema kazi ya kuhesabu ni ya kampuni, inalipwa kwa ajili hiyo, kwa nini sisi tufanye bure? Hoja yao iko na uzito. SNEL imeanza kuweka konteri za kulipa mbele mu miji, na tunataka kazi hiyo ifike mpaka kwenye kabini, si kwenye nyumba tu. Konteri ya nyumba inalinda pesa ya kampuni. Konteri ya kabini inalinda pia mteja, kwa sababu inaonyesha kama umeme ulitoka kweli ao haukutoka. Tungependa komite zetu ziombe hilo kwa maandishi. Lakini kungoja peke yake hakufai. Accra, inchi ya Ghana, toka 2018 watafiti waligawia watu vyombo vidogo vya kuchomeka ukutani, vyenye kurekodi vyenyewe kuran inapokatika na inaporudi, na volti. Vile vyombo havikuwa vya kampuni ya umeme. Faida yake kubwa kwa macho yetu ni hiyo: pakawa na hesabu ya pili, ya upande wa mteja. Kaye yetu ni chombo kile kile, cha bei ya kaye.

Konteri za kisasa zenyewe si malaika. Tarehe 24 Novemba 2024 ilikuwa siku ya mwisho kwa konteri nyingi za kulipa mbele duniani, zile za tokeni ya namba 20: hesabu ya dakika yenye kuandikwa mu tokeni zake ilifika mwisho, na yoyote ambayo haikupewa namba mpya mbele ya siku ile haikukubali tena tokeni. Tanzania wenye LUKU na Kenya walipita mamilioni ya wateja kuwaingizia namba za ziada. Chombo cha kuhesabu kinaomba kutunzwa kama ng'ombe wa maziwa. Kampuni yenye kununua konteri bila mafundi wa kuzifuata inanunua shida.

Na kuna hatari nyingine ambayo watu wa miradi hawapendi kuitaja. Hesabu ikimwonyesha mkubwa wa umeme, kabini kwa kabini, nani analipa vizuri na nani halipi, ataelekeza kuran wapi siku umeme ukipungua? Kwa mwenye kulipa. Walimaji wenye kulipa baada ya mavuno tu watakuwa wa mwisho. Kwa hiyo tukubali kupimwa, lakini tuombe mambo mawili pamoja nayo: ratiba ya kukata iliyoandikwa na kubandikwa, na faktire inayofuata msimu kwa koperative, yaani tulipe zaidi Juni mpaka Septemba na kidogo wakati wa kupanda. Koperative yenye daftari inaweza kuonyesha msimu wake kwa namba. Isiyo nayo itaomba huruma.

Toka sheria ya 17 Juni 2014, SNEL si peke yake tena mwenye haki ya kutoa na kuuza umeme mu Kongo, na kuna ANSER kwa ajili ya vijiji na pembeni ya miji. Goma, toka 2020, kampuni ya Nuru ilijenga mtambo wa sola wa megawati 1.3 na waya zake yenyewe. Siku mtu wa namna ile akifika Kasenga ao Sakania, atauliza nini kwanza? Mnatumia umeme kiasi gani, saa gani, na leo mnalipa mazutu franka ngapi kwa mwezi? Prezida atajibu "mingi" kama hana kaye. Sekretere mwenye kaye atageuza karatasi.

Tunaomba basi kila komite ichague watu wawili wa kuandika, mmoja akiwa mama, kwa sababu mama njo wanajua saa mashini inalia. Kaye ikae ofisini, si nyumbani kwa prezida, na isomwe mu mkutano kila mwisho wa mwezi. Kopi mtuletee, tutaziweka pamoja kwa teritware. Majina ya wanamemba na madeni yao yasiandikwe mu kaye ile. Hiyo ni ya kesie.

Wenye kuanza sasa watakuwa na miezi mitatu kabla ya mvua za kwanza. Wasiache hapo. Mwisho wa kiangazi maji ya barrage yanashuka, na tangu ukame wa 2024 tunajua kwamba hata Zambia, tunakonunua umeme wakati wetu hautoshi, inaweza kukaa gizani yenyewe. Mu Januari maji yapo, lakini radi na nguzo zilizooza zinakata kwa namna yake. Volti za Julai si volti za Januari, na mashini mtaikalia mwaka mzima.